Nitapimwa na Mtoto Wangu

Nyumba za Reli, Nanyuki
13 Februari 1955

Wifi yangu Nasirumbi,

Nakusalimu wewe, namsalimu bwana Ogutu, na nasalimu wale wavulana wenu wanne mmoja mmoja mpaka yule anayelia akiogeshwa. Huku kwetu sisi wazima. Kaka yako Masinde ni mzima, ila baridi ya mlima inamkuta kwenye reli alfajiri, na kikohozi chake wewe unakijua tangu utoto wenu. Wavulana wangu wawili wazima, wanakula kama waliotumwa kumaliza unga. Na mimi ni mzima kupita wote.

Sasa weka chini kazi uliyoshika usikie. Magdaline wangu, yule yule aliyekuwa anaogopa kuku, sasa ni mwanafunzi wa uuguzi na amechaguliwa. Kila Alhamisi anatoka na sista wa hospitali kwenda kupima wanawake wa hapo Nyeri: wake za askari, wauza mboga, na wale wa Majengo wanaoishi sita chumba kimoja. Wanawake wasio wagonjwa, wifi. Ati mtu hana ugonjwa wowote na anapimwa ndiyo ugonjwa ukija ukute mlango umefungwa. Mimi niliyesoma mpaka darasa la nne nimezaa mtu wa kufanya kazi hiyo. Nimewaambia wote hapa. Yule mke wa Munyao, fundi wa njia, alinyamaza kimya, na huyo si mtu wa kunyamaza.

Tatizo ni moja. Magdaline ananiandikia mistari mitatu tu. Mama nimefika, mama nakula, mama kazi ni nyingi. Wewe uko karibu naye na Jumapili anakula kwako. Basi niandikie kila unachokiona: nguo yake, viatu vyake, watu wanamwitaje. Mpe uji wa wimbi, chai peke yake haimtoshi. Lakini usimzoeze sana kwako. Unajua namaanisha nini.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Nduku, Mama Magdaline


Nyumba za Polisi, Nyeri
2 Machi 1955

Mpendwa wifi, Mama Magdaline,

Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa na kugundishwa tena. Siku hizi za hali ya hatari ni hivyo, kwa hiyo aliyeisoma kabla yangu naye amejua habari za kikohozi cha kaka yangu. Sisi wazima. Ogutu yuko Mweiga, karibu na msitu, wiki ya tano sasa. Akija anakuja na matope mpaka masikioni, analala, anaondoka. Wavulana wanapigana. Hiyo ndiyo habari yao kila siku.

Uliniambia nikuandikie ninachokiona, basi soma. Alhamisi tulipanga foleni chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba zetu, kila mwanamke na kadi yake. Kuna wenye watoto mgongoni, kuna wazee, kuna wale wa mjini wenye midomo myekundu. Magdaline alikuwa na gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Nilipofika mbele alinishika mkono. Akaweka ule mpira wa kusikilizia hapa kifuani kwangu akasema, "Shangazi, vuta pumzi." Nikavuta. "Toa." Nikatoa. Akanifunua jicho akaangalia damu, akanibonyeza miguu kuona kama kuna maji. Mikono yake ina joto, hata hakunitisha.

Wifi, mimi nimezaa wavulana wanne. Sijawahi kuguswa hivyo na mtoto. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani kidogo bila kufanya kitu.

Wanawake wa hapa sasa wananiita Mama Sista. Nimewaambia mimi ni shangazi tu, lakini hawasikii.

Nasirumbi


Nanyuki
20 Machi 1955

Kwa wifi Nasirumbi,

Salamu. Sisi wazima, na nyinyi mkae hivyo hivyo.

Ati Mama Sista. Watu wa huko hawana kazi. Mama yake Sista yuko Nanyuki, alimbeba mgongoni kutoka Machakos mpaka huku, na alama ya meno yake ya kwanza bado iko kwenye titi langu. Waambie hivyo. Wasiposikia, waambie tena.

Mimi sina wivu. Nimefurahi sana kwamba mtoto wangu amekupima. Nilikuwa nashangaa tu jinsi mtu anavyoweza kuanza na shangazi wakati mama yuko. Lakini pengine ni mambo ya kazi.

Hata huku kwetu kupima kumefika. Jumanne ya kwanza ya kila mwezi sista na wasichana wake wanakuja kwenye bohari tupu la reli, wanawake wote wanaenda. Mimi siendi. Niende kushikwa-shikwa na wasichana wa watu, wakati nimezaa wa kwangu wa kufanya kazi hiyo hiyo? Nimewaambia wazi, mimi nitapimwa na mtoto wangu. Mke wa Munyao ananiambia mbele ya bomba la maji, "Mama Magdaline, mtu ambaye ng'ombe wake wako mbali hanywi chai kwa jirani?" Watu wakacheka. Nikamjibu, "Anakunywa ya rangi mpaka wake wafike." Wakacheka zaidi, na safari hii upande wangu.

Mwambie Magdaline nangoja likizo yake. Usimwambie nimekasirika, kwa sababu sijakasirika.

Nduku, mama yake


Nyeri
17 Aprili 1955

Mpendwa Mama Magdaline,

Pasaka imepita, tulichinja kuku mmoja tukagawana na watu tisa. Ogutu alipata siku mbili. Wavulana walimwangalia kama mgeni, kisha wakamzoea, kisha akaenda.

Nimepimwa tena, mara ya tatu sasa. Safari hii Magdaline alinifunga mkono kile kitambaa kinachojazwa upepo, mkono ukabana mpaka vidole vikawa kama si vyangu, akaangalia zebaki inavyopanda kwenye kioo. Akasema damu yangu inasukuma vizuri, lakini damu yenyewe ni kidogo, nile maini na mboga za majani. Nikapewa mkebe wa maziwa ya unga. Majirani wote waliuona huo mkebe.

Jumapili aliniuliza, "Mama anaenda kupimwa huko?" Nikamwambia mama yako ni mtu wa kufuata utaratibu. Sikutaka aanze kulia sahani ikiwa mbele yake.

Ukimwandikia usitaje haya ninayokuandikia. Sista wao ni mkali, hapendi mambo ya kazi yatembee kwenye barua, na unajua barua zinasomwa.

Wifi, mimi sikuombi umtoe. Ni wako. Lakini Jumapili akichelewa natoka nje mara mbili kuangalia barabara.

Nasirumbi


Nanyuki
29 Mei 1955

Wifi,

Nimekawia kukujibu, wiki sita. Masinde mzima. Wavulana wazima. Mvua imekuwa nyingi na mlima hatujauona mwezi mzima, ni kama umehamishwa. Majirani wazima, na mke wa Munyao naye mzima, kwa bahati mbaya.

Niko na habari ya kukuchekesha. Nimenenepa. Nimenenepa mpaka watu wanasema Masinde ameongezwa mshahara. Pete yangu haitoki kidoleni hata kwa sabuni. Viatu vyangu vimekuwa vya watoto, sasa navaa vya Masinde bila kamba, na yeye anatafuta viatu vyake nyumba nzima. Asubuhi uso wangu ni wa mviringo kama wa mke wa chifu. Unaona basi, sihitaji maziwa ya mkebe.

Kichwa ndicho kinanisumbua. Ni hii baridi. Kinaanza nyuma ya shingo kinakuja mbele, na nikiinama kuwasha moto naona vitu vinang'aa pembeni, kama cheche za reli. Nikilala vinaisha. Mke wa Munyao kaja tena na neno lake la Jumanne, nimemfukuza kwa heshima.

Sasa mambo ni haya. Nimesikia wanafunzi wanapata likizo mwezi wa Agosti. Mwambie Magdaline aje na vyombo vyake vyote, mpira na kile kitambaa cha mkono. Nimeshawaambia wanawake wa hapa. Nitaweka kiti nje ya mlango, nitavaa gauni la maua, na mtoto wangu atanipima kila mtu akiona. Wewe umepimwa mara tatu. Mimi yangu itakuwa moja, lakini itakuwa ya mama.

Nduku


Nyeri
5 Juni 1955

Mama Magdaline,

Sina salamu ndefu leo. Munyao amepitia hapa na anarudi huko kesho kwa gari la mizigo. Nimempa barua hii mkononi na nimemwapisha asiiweke mfukoni na tumbaku.

Magdaline amekula hapa leo. Nilimsomea barua yako tucheke. Nilipofika kwenye pete hakucheka. Nilipofika kwenye cheche akaninyang'anya karatasi akaisoma mwenyewe amesimama. Akaniuliza, "Shangazi, mama ana mimba ya mwezi wa ngapi?" Nikasema mimba gani. Akasema, "Mama hanenepi miguu na uso. Mama akinenepa hunenepa mikono." Hapo ndipo nilipoangalia salamu zako. Barua zote ulikuwa unaandika sisi wazima, mimi mzima. Hii umetaja mume, wavulana, mpaka mke wa Munyao, wewe mwenyewe umejiruka.

Hukuniambia una mimba, na mimi ni dada wa mume wako. Hayo tutayazungumza siku nyingine.

Anasema kichwa hicho na uvimbe huo kwa mwenye mimba vinaua, vinaua mama na mtoto pamoja, na vinaanza hivyo hivyo kwa kunenepa. Alikwenda leo leo kuomba ruhusa. Amekataliwa. Hakuna likizo kabla ya Agosti, na Agosti ni mbali.

Sasa lingine, na hili nakuandikia mkono ukiwa mzito. Magdaline hajanipima hata siku moja. Ile Alhamisi ya kwanza nilijipanga kwenye mstari wake nikiwa nimevaa kitambaa kipya cha kichwa. Akanishika bega akaninong'oneza, "Shangazi, nenda ule mstari mwingine. Sista hakubali mtu kupima watu wa kwao. Anasema jicho la mtoto halitaki kuona ugonjwa kwa mama." Na kusema kweli hampimi mtu yeyote bado. Anaandika majina na anasoma mizani. Aliyeniwekea mpira kifuani na kunifunga mkono ni mama mmoja mtu mzima anaitwa Murugi, mikono yake ni baridi na anakoroma akiandika. Yote niliyokuandikia alinifanyia Murugi. Mimi nilibadilisha mikono tu.

Niliandika hivyo kwa sababu barua yako ya kwanza ilijaa Magdaline wangu, Magdaline wangu, na mimi hapa nina wanne na hakuna hata mmoja anayeniuliza nimelalaje. Nilitaka mara moja iwe mimi niliye na kitu usicho nacho. Sikujua utakaa bila kupimwa kwa ajili hiyo. Uliposema, nilijua, na bado nikaandika ile ya mkebe.

Kwa hiyo sikia. Hata angekuja kesho hangekupima. Hakuna unachokingoja. Keshokutwa ni Jumanne ya kwanza. Nenda kwa wasichana wa watu. Ukishapimwa nikasirikie unavyotaka.

Nasirumbi


Nyeri
26 Juni 1955

Mama Magdaline,

Natumaini barua hii inamkuta mtu wa kuisoma.

Wiki tatu hakuna neno. Munyao alisema alikupa mkononi na ukafunga mlango. Magdaline anakuja, anakula, anaondoka, hasemi kitu, na mimi naogopa kumuuliza. Kila nikiona mtu wa reli namwangalia mikono kama ana barua.

Kama umekasirika, andika umekasirika. Neno moja linatosha.

Nasirumbi


Nanyuki
17 Julai 1955

Kwa Nasirumbi,

Salamu zangu ni za nusu leo, nusu nyingine nimeziweka. Masinde mzima. Wavulana wazima. Mimi sasa ni mzima, na naliandika kwa sababu imeandikwa kwenye kadi na muhuri umepigwa.

Nilisoma barua yako mke wa Munyao akiwa mlangoni anangoja kujua. Nilifunga mlango. Nilikuwa na hasira ya kuvuta behewa peke yangu. Si kwa uongo, wifi, watu hudanganya. Ila miezi mitatu nililala nikiona mikono ya mtoto wangu juu ya kifua chako, nikijiambia mbona si mimi, na kumbe hata wewe hukuwa nayo. Nimeona wivu wa kitu ambacho hakikuwako. Hiyo ndiyo inauma.

Jumanne nilienda. Sikwenda kwa ajili yako. Nilienda kuuliza kama ni kweli kwamba hawapimi watu wao, ndiyo nijue kama umedanganya mara mbili. Nilikaa wa mwisho, na viatu vya Masinde. Msichana aliyenipima anaitwa Kagure, rika la Magdaline ila amemtangulia mafunzo, mwembamba kama fito. Nikamuuliza, "Wewe sista wako anakuruhusu kumpima mama yako?" Akasema hapana mama, ni kosa. Halafu akasema akifunga kile kitambaa, bila kuniangalia, "Na hata ningeruhusiwa, mama yuko kijiji cha Gatitu, wamefungiwa na serikali ndani ya boma. Kibali cha kwenda sijapata tangu mwaka jana." Unajua mambo haya hayaandikwi sana.

Akapuliza upepo. Akaangalia. Akatoa, akapuliza tena. Akaenda kumwita sista. Tulikuwa wanawake thelathini na mmoja siku hiyo, na nataka ujue kwamba damu yangu ilipanda juu kuliko ya wote. Mke wa Munyao yake ilikuwa ya kawaida tu. Sista alisema ningengoja wiki mbili zaidi angekuwa anaongea na Masinde peke yake. Sikurudishwa nyumbani hata kuchukua shuka. Nilipelekwa hospitali kwa lori, nimelazwa kwa ubavu wa kushoto, bila chumvi, bila kuinuka, pazia limefungwa, wiki tatu na siku nne. Mimi ambaye sijawahi kulala mchana tangu nizaliwe.

Nilimkataza Masinde asikutumie neno. Magdaline nilimtumia mistari mitatu, kama yeye anavyonitumia, na nikamwambia asikuonyeshe. Nilitaka ukae unaangalia watu wa reli. Barua yako ya pili nililetewa kitandani, nikaiweka chini ya mto, sikuijibu. Basi sasa tumelipana, tuache.

Tarehe mbili Julai nimezaa mvulana. Ni ratili nne na nusu, mdogo kama mkate, lakini sauti yake ilisikika mpaka wodi ya wanaume, wameniambia wenyewe. Kaka yako alimshika akasema ana masikio ya baba yenu. Jina lake utaambiwa ukija kumwona, hali ya hatari ikiruhusu.

Kagure alikuwa anakuja kila jioni kazi yake ikiisha. Alinisuka nywele. Alinikata kucha za miguu, ambazo sikuwa nazifikia. Nilimwambia, binti, nenda ukalale. Akasema akilala anafikiria. Siku moja mama mmoja wodini aliniuliza kama ni mtoto wangu. Nilitaka kusema hapana, wangu yuko Nyeri, ana gauni jeupe linasimama lenyewe. Kagure alikuwa amenishikia kikombe. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, na Magdaline asijue.

Wifi, Gatitu ni hapo karibu na nyinyi. Nasikia gari la akina sista linaingia vijijini huko, na watu wa kwetu hawazuiwi kama watu wa kwao Kagure. Mama yake anaitwa Wangechi, ana kovu la moto mkono wa kulia. Mwambie Magdaline aombe kupangwa gari hilo. Amtafute, amwambie mtoto wake anakula, ana kazi, na kuna mtu huku anayehakikisha amevaa sweta.

Na umwambie hivi, umwambie ni mama amesema. Siku sista atakapompa ule mpira na kile kitambaa aache kuandika majina, aanze na mama huyo. Si mtu wa kwetu, hakuna kosa. Nilikuwa nimepanga wa kwanza niwe mimi. Kiti nilikuwa nimeshakipaka rangi.

Atakapompima, usiniandikie. Wewe unajua kuandika mambo mtu akayaona. Hilo niache nisilione.

Nduku